Nyumba ya Mwislamu: Moshi wa Jikoni na Macho ya Mama Zetu



Mtu ajengapo nyumba katika Shinyanga, Kahama au Geita, huzungumza sana na fundi wake juu ya mabati, juu ya milango, na juu ya rangi ya sebule atakayoketi na wageni. Ama jiko huachwa mpaka mwisho. Mara nyingi huachiwa mama mwenyewe atafute mawe matatu, ayapange mahala palipobaki. Sisi twaona kuwa mpango huu haufai. Sebuleni mgeni hukaa kitambo kidogo akaondoka. Jikoni mama hukaa saa nyingi kila siku, tena akiwa na mtoto mgongoni. Na katika mwezi wa Ramadhani, wengine wakiwa wamelala, yeye huwasha moto wa daku. Na jioni, wengine wakingoja adhana, yeye hupuliza moto wa futari. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwenye nyumba ataulizwa pia juu ya chumba hicho chenye masizi.

Moshi si kero ya pua tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Huanza na kikohozi kisichokwisha, kisha mapafu huumwa. Na macho huwasha, huchuruzika machozi, mwishowe huwa mekundu daima.

Juu ya macho haya mekundu, katika nchi ya Wasukuma liko jambo zito ambalo wenyeji hulijua, wala halifai kufichwa. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiuawa bibi vizee wasiokuwa na kosa ila macho yao. Mtu hufiwa na mtoto au na ng'ombe, huenda kwa mpiga ramli, akaambiwa kuwa mbaya wake ni kikongwe fulani. Na ushahidi wa uchawi huo ni wekundu wa macho. Na wekundu huo umetoka wapi? Bibi yule amepika miaka hamsini juu ya mafiga matatu, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Kuni zilipoadimika alipikia mabua ya pamba. Na mabua yalipokwisha alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ambayo moshi wake ni mkali kupita wa kuni. Macho yake yaliharibika kwa ajili ya kuwalisha watu wa ukoo wake, kisha alama hiyo ya utumishi ikageuzwa kuwa hati ya kumwua.

Ndugu zetu, dini yetu haikuturuhusu kumwendea mpiga ramli, wala kumdhania mtu vibaya kwa rangi ya jicho lake. Na kuiua nafsi isiyo na hatia ni katika madhambi makubwa mno. Hatusemi kwamba dohani itaiondoa dhuluma hii. Dhuluma huondolewa na elimu, na sheria, na kumcha Mwenyezi Mungu. Lakini twasema kwamba mwana anayeweza kumwondolea mama yake moshi, naye asifanye hivyo, hajatimiza wema aliouamriwa.

Basi jiko lichaguliwe vipi? Jambo la kwanza ni kutazama kiwashio kinachopatikana karibu nawe bila ya kudhulumu. Shinyanga ilipata kuitwa jangwa. Zama za utawala wa Mwingereza vichaka vingi vilifyekwa ili mbung'o waangamie. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka, hata miti ikatoweka. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao uliwarejesha watu katika desturi yao ya kale ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na miti isiguswe mpaka wakati wa shida. Mwanzoni ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne hii zilikadiriwa kuvuka hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hiyo ni amana. Haifai jiko letu liile katika miaka michache miti iliyoponywa kwa miaka mingi. Kwa hiyo tumia matawi yaliyopogolewa, mabua yaliyokauka, na pumba za mpunga kwa walio karibu na mashine za kukoboa, kwani yako majiko yaliyotengenezwa makusudi kwa pumba. Mavi ya ng'ombe ni bora yarudi shambani yakawe mbolea.

Jambo la pili ni chungu chako na idadi ya walaji. Nyumba ya watu kumi inayosonga ugali haifai kupewa jiko dogo la kubebeka linaloyumba mwiko unapozungushwa. Sufuria hupinduka, na wanaoungua ni watoto. Nyumba kama hiyo hufaa jiko la kujengwa lisilohama.

Jiko hili si ghali. Twaa udongo wa kichuguu, uutwange, uuchekeche, uuchanganye na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Uumwagie maji, uuache siku kadhaa uive, ukikandwa kila siku. Jenga msingi wa mawe au matofali mabichi penye ukuta wa udongo au tofali, mbali na makuti, nyasi na mapazia. Acha mlango mdogo wa kuingizia kuni, usiopita upana wa shubiri, maana mlango mkubwa huita kuni nyingi na kutoa moshi mwingi. Chini ya kuni weka wavu wa chuma au vipande vya tofali ili hewa ipite kwa chini, kwani moto uvutao hewa kutoka chini huwaka safi. Tengeneza tundu la sufuria kwa kipimo cha sufuria yenyewe, ukibakiza nafasi ndogo tu ya mwali kupita. Nyuma yake tengeneza tundu la pili, ili joto linaloelekea kwenye dohani lichemshe maji ya chai au ya udhu kabla ya kutoka.

Dohani ndiyo roho ya jiko. Ijengwe kwa tofali au kwa bomba la bati, ipande mpaka ipite kilele cha paa, na juu yake iwekwe kofia ya kuzuia mvua. Mahala inapopenya paa la nyasi izungushiwe tofali na udongo kwa unene wa kutosha, kwa maana nyumba nyingi zimeteketea kwa cheche moja. Jiko likishajengwa lisiwashwe kwa haraka. Likauke kivulini wiki mbili au tatu, na nyufa zizibwe kila zinapotokea, kisha uwashwe moto mdogo siku za kwanza. Baada ya hapo masizi yatolewe katika dohani mara kwa mara. Kuni zipasuliwe nyembamba na zianikwe mpaka zikauke kabisa, kwani kuni mbichi hulishinda hata jiko lililo bora.

Kwa wapangaji wa vyumba katika miji ya machimbo, kama Katoro na Nyarugusu, ambao hawawezi kujenga, jiko la mkaa huwa halina budi. Chagueni lile lenye ganda la udongo wa kuchomwa ndani ya bati, mfano ulioenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980. Ganda hulihifadhi joto, na mkaa hupungua sana kuliko katika jiko la bati tupu. Mnaponunua tazameni kama ganda halina ufa na kama limeshikamana vyema na bati. Lakini hapa twatoa onyo kali: jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata kama mvua inanyesha, hata kama baridi ni nyingi. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yatoayo hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humwua mtu katika usingizi wake. Bwana Mtume (S.A.W.) alituagiza tusiache moto ukiwaka majumbani tulalapo. Kwa mwenye kutii agizo hilo yako maisha ndani yake.

Liko na onyo la pili, kwa vijana wetu wachimbaji. Wako wanaochukua dhahabu iliyoshikwa na zebaki, wakaichoma juu ya jiko lile lile linalopikiwa uji wa mtoto. Zebaki inapochomwa haipotei; hugeuka mvuke, ukavutwa na pumzi za waliomo ndani, ukatua kutani na katika vyombo. Huharibu mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni mwa mama yake hudhurika zaidi. Chembe ya dhahabu haina thamani ya akili ya mtoto. Kazi hiyo ifanywe mbali na makazi, kwa chombo kilichofunikwa ambacho huurudisha mvuke kuwa zebaki, wala jiko la nyumbani lisiguswe kamwe.

Twajua kwamba mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo. Ni nia njema, na aliye na uwezo wa gesi au umeme leo asingoje. Lakini mitungi haijafika katika kila kijiji, na aliye na mtungi hushindwa mara nyingine kuujaza. Na moshi wa jioni hii haungoji mwaka 2034.

Mwisho twawasemesha vijana wa kiume. Msiseme kuwa mambo ya jikoni ni ya wanawake. Bibi Aisha (R.A.) ametueleza kuwa Mtume alipokuwa nyumbani kwake alikuwa akiwatumikia watu wake. Kukanda udongo wa kichuguu kwataka mikono yenye nguvu, na mikono hiyo ni yenu. Katika likizo ijayo, kijana aingie jikoni kwa mama yake au kwa bibi yake mama yu akipika, akae humo mpaka ugali uive, bila ya kutoka. Akiona macho yake mwenyewe yamekuwa mekundu, atajua afanye nini kesho yake asubuhi.

Wabillahi tawfiq.