Tawi Lisilozaa Ni Kuni



Katika vijiji vyetu vya Tanzania Bara yako maneno mawili yasemwayo juu ya chama cha walimu, nayo yote mawili yanatudhuru. La kwanza husemwa na wazee na wazazi, kwamba mwalimu ajiungaye na chama na kudai haki yake ameuacha wito wake, amekuwa mtu wa fedha. La pili husemwa na walimu wenyewe wakiwa wamekaa chini ya mwembe saa ya mapumziko, kwamba chama ni kinywa cha kula asilimia 2 ya mshahara, na faida yake ni fulana ya Mei Mosi. Nataka kuyapinga maneno hayo yote mawili. Kisha nina neno la tatu kwa viongozi wa matawi, nao huenda wasilipende.

Nianze na wito. Ni kweli, ualimu ni wito, na asiyependa watoto asishike chaki. Lakini nawauliza wazee wangu kwa heshima: je, wito hulipa nauli? Mwalimu akipewa barua ya uhamisho kwenda shule iliyo mwendo wa siku nzima, na fedha za uhamisho zisije, vyombo vyake na watoto wake vitabebwa na wito? Mwalimu aliyepandishwa daraja kwa barua, lakini mshahara wake ukabaki ule ule wa zamani miezi mingi, atalipa madeni yake kwa wito? Mkulima naye ana wito wa kulima, walakini hakuna amwambiaye aiache kahawa yake mizanini aende zake bila kulipwa. Akipunjwa, twasema ameonewa. Mwalimu akipunjwa na kusema, twasema amekuwa mtu wa dunia. Vipimo hivi viwili vimetoka wapi?

Wala kujiunga na chama si uasi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 20, inampa kila mtu uhuru wa kushirikiana na wenzake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kuunda chama na kuingia katika chama. Mwaka 2000 Tanzania iliridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, ulio juu ya uhuru huo huo. Basi anayemwita mwalimu mwasi kwa sababu ya kadi ya chama, na aseme ni sheria gani iliyovunjwa.

Tena, wazee, angalieni hasara ni ya nani. Mwalimu mwenye madai yasiyosikilizwa hufanya nini? Hupanda basi kwenda makao makuu ya wilaya. Huko huambiwa, "Njoo Jumatatu." Jumatatu huambiwa kwamba faili halionekani, au mwenye kutia sahihi yuko safarini. Siku zote hizo darasa lake halina mtu, na watoto wenu wanacheza mpira wa matambara uwanjani. Kesho huenda mwalimu wa pili, na keshokutwa wa tatu, kila mmoja na bahasha yake, kila mmoja na nauli yake. Kama tawi la shule lingekuwa hai, mwakilishi mmoja angeyakusanya madai ya walimu wanane katika bahasha moja, akaenda mara moja, akarudi na jibu lililoandikwa, na walimu saba wangebaki darasani. Basi anayelichukia tawi la chama kwa kuwapenda watoto hajui amchukiaye. Tawi likifanya kazi yake, mtoto ndiye wa kwanza kupata faida.

Sasa nawageukia walimu wenzangu, wenye neno la asilimia 2. Tufanye hesabu, maana hesabu ni kazi yetu. Tuseme mwalimu analipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni shilingi 16,000, yaani shilingi 192,000 kwa mwaka. Shule yenye walimu 12 wa mshahara huo hutoa shilingi 2,304,000 kila mwaka. Si fedha ndogo, na mtu azitoaye ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Lakini mmeuliza mahali gani? Chini ya mwembe? Mwembe hauna daftari la hesabu. Mkutano wa tawi ukiitwa, mmoja husema ana msiba, wa pili anawahi gari, wa tatu anasema hakuna jipya. Mwisho wa mwezi wote watatu hutazama hati ya mshahara na kupiga kelele.

Wako wasemao, "Dawa ni kujitoa." Sheria hairuhusu mtu alazimishwe kuwa mwanachama, jambo hilo ni kweli. Lakini sheria hiyo hiyo ya 2004 inakiruhusu chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi kupatana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala, kwa kuwa matunda ya majadiliano huliwa na wote. Ada hiyo isizidi ile ya mwanachama, nayo sharti iwekwe katika akaunti yake peke yake, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi. Basi mahali penye mapatano hayo, ajitoaye huendelea kukatwa. Alichokiacha ni kura yake tu. Alikuwa mwenye mali aliyelala, sasa amekuwa mlipaji asiye na kinywa. Hiyo ndiyo dawa?

Kwa nini tumezoea kunung'unika badala ya kuuliza? Nadhani mazoea haya yana historia yake. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1922 Martin Kayamba, aliyesomeshwa na misheni huko Kiungani, Unguja, pamoja na wenzake walioajiriwa na serikali, walianzisha katika mji wa Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Wakristo na Waislamu waliketi pamoja ndani yake. Chama hicho kilianza pale pale watu walipokuwa wakifanya kazi, na baadaye ndipo kikaenea. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho la TFL, na Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali, akawa Katibu Mkuu wake. Lakini mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, TFL ilivunjwa, pakawekwa chama kimoja tu, NUTA, na Katibu Mkuu wake akateuliwa na Rais. Ikafuata JUWATA, iliyokuwa jumuiya ya chama kilichotawala. Kwa muda wa karibu miaka 30 mfanyakazi alifundishwa kwamba chama hushuka kutoka juu kama mvua, na kazi yake yeye ni kukinga mikono. Chama cha Walimu Tanzania, yaani CWT, kilipoandikishwa mwaka 1993, mlango ulifunguliwa. Lakini mazoea ya miaka 30 hayafi kwa siku moja. Hata leo wengi wetu twakinga mikono, na mvua isipokuja twalaumu mawingu.

Tazameni pia yaliyotokea mwaka 2012. Tarehe 30 Julai CWT ilianza mgomo wa nchi nzima kwa ajili ya mishahara na posho. Siku chache tu zikapita, na mwanzoni mwa Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamua kwamba mgomo ule si halali, walimu wakarudi madarasani. Sisemi kama madai yale yalikuwa ya haki au sivyo. Hilo si shauri langu leo. Nasema hivi: ngoma kubwa ilipigwa, ikanyamaza, na kila mwalimu akarudi katika shule yake, na mambo yake yakawa yanamngoja pale pale: malimbikizo, likizo isiyolipwa, barua isiyojibiwa. Mambo hayo hayamalizwi na ngoma ya taifa. Humalizwa na mtu mmoja wa karibu, mwenye daftari, asiyechoka kuuliza. Mtu huyo akikosekana katika shule, chama kimekosekana, hata kama kina jengo la ghorofa mjini.

Hapo ndipo penye neno langu kwa viongozi wa matawi. Ndugu zangu, wako miongoni mwenu ambao sauti zao husikika mwaka wa uchaguzi, na uchaguzi ukiisha simu zao hazipatikani. Kwao tawi ni ngazi ya kupandia wilayani, na kutoka wilayani kwenda mkoani. Wako wengine wema kwa tabia, lakini waoga. Mwenzao akiitwa kujibu mashtaka husema, "Nikienda naye, kesho mimi nitamwomba nani ruhusa?" Kisha humpa pole mlangoni, wakarudi nyumbani. Pole haikuandikwa katika kazi za mwakilishi. Zilizoandikwa katika sheria ni hizi: kuwawakilisha wanachama katika malalamiko na mashauri ya nidhamu, kusema kwa niaba yao juu ya usalama na hali ya kazi, na kuangalia kama mwajiri anazifuata sheria za kazi. Tena idadi ya wawakilishi imetajwa: penye wanachama 1 hata 9, mwakilishi mmoja, 10 hata 20, wawakilishi 3, 21 hata 100, wawakilishi 10, zaidi ya 100, wawakilishi 15, na kati ya hao wasiopungua 5 wawe wa kuwawakilisha wanawake. Sheria imempa mwakilishi kiti. Kama kiti ki tupu, si kosa la serikali wala la mwajiri.

Najua jibu litakalotolewa na wazazi: "Basi mnataka chama kiwafiche walevi na wavivu." La, hasha. Mwalimu aliyemharibu mwanafunzi, tawi lisimfiche hata saa moja, na mwakilishi amfichaye amekuwa mshiriki wake. Mwalimu asiyeingia darasani hana dai lolote juu yetu. Lakini nani ajuaye kwamba mtu ana hatia kabla hajasikilizwa? Barua ya mashtaka inaweza kuandikwa kwa kweli, tena inaweza kuandikwa kwa chuki. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina taratibu zake za nidhamu, na mwalimu wa kijijini aliyeshikwa na hofu hazijui. Hujibu barua kwa hasira, au hukaa kimya hata siku za kujibu zikapita, akahukumiwa kwa ukimya wake. Mwakilishi mwema humketisha, akasoma barua pamoja naye, akamwambia, "Hapa sema kweli, hapa leta shahidi, na siku hii usikose." Mwenye hatia atahukumiwa kwa haki, na asiye na hatia atarudi kwa wanafunzi wake. Nani katika kijiji atapata hasara kwa hayo?

Basi shauri langu si kubwa, wala halihitaji fedha. Kila tawi na liwe na siku yake ya mkutano, tuseme Ijumaa ya mwisho wa mwezi baada ya masomo, na asiyekuja asinung'unike mwezi ule. Liwe na daftari moja, liandikwe jina la mwenye dai, tarehe ya barua, nani aliyeipokea, na jibu lilikuja lini. Maana dai lisiloandikwa husahauliwa na mdaiwa kwanza, kisha na mdai. Mwanachama akiitwa kujibu shauri, asiende peke yake. Kila mwaka tawi liulize kwa barua ofisi ya wilaya ya chama: fedha za walimu wetu zimefanya nini? Jibu lisomwe mkutanoni kwa sauti. Na mwakilishi asiyeyafanya haya aondolewe kwa kura, bila matusi, awekwe mwingine.

Nanyi wazazi, nawaomba jambo moja tu. Mmezoea kukaa katika mikutano ya vyama vyenu vya ushirika, nanyi mmejifunza kwa machozi kwamba chama ambacho wanachama wake hawahudhurii huliwa na wachache. Basi msimcheke mwalimu akifunga mlango wa darasa Ijumaa jioni aende mkutanoni. Mwulizeni Jumatatu mmeamua nini. Mwalimu ajuaye kwamba kijiji kinauliza, hatalala. Na mwakilishi ajuaye kwamba walimu hawalali, hatathubutu kuiuza nafasi yake.

Mkulima hulitunza tawi lenye matunda, hulipa nguzo lisivunjike. Lile lisilozaa hana haja ya kulitukana wala kulinung'unikia. Hulikata, akalipeleka jikoni, na penye mti huo likachipuka jingine. Walimu wenzangu, panga tunalo, nalo ni kura. Tulitumie Ijumaa hii ijayo.