Mfuko wa sima wenye haukufika



Wiki iliyopita tulienda kuangalia kanivo moja ya mji wetu, yenye ilimalizika mwezi wa 6, wakati wa kiangazi. Kati ya zile dale za beto zenye zinaifunika, tatu zimekwisha kuvunjika. Moja ilivunjika chini ya chukudu yenye ilibeba viazi, na mwenye chukudu akaumia mguu. Tuliokota kipande, tukakikwaruza kwa ukucha, na mchanga ukaanguka mkononi. Beto ya kweli haikwaruziki na ukucha.

Sasa watoto wa shule wanaruka yale matundu asubuhi na mangaribi. Mvua ya Septemba imeanza, na kila mtu wa Goma anajua kanivo inakuwa namna gani wakati maji yanashuka kwa nguvu. Mtoto akiteleza mule, hatutakuwa tunazungumza tena juu ya mguu.

Kila mara kazi ya serikali inaharibika, tunapewa majibu yale yale: ni mvua, ni volkano, ni raia hawatunzi. Leo tunataka kuzungumza juu ya jibu lenye hawatupatie: sima. Mutatuambia sisi si ma-enjenieri. Ni kweli. Lakini beto iko na vitu vinne tu ndani yake, na kila mtu anaweza kuvihesabu kwa macho.

Vile vitu ni sima, mchanga, graviye na maji. Mchanga na graviye njo mwili wa beto, vinachukua sehemu kubwa ya nafasi. Sima ikikutana na maji inakuwa gundi yenye inashika mwili wote. Kwa beto yenye inabeba uzito na iko na feri ndani, dozaji yenye ma-enjenieri wetu wanafundishwa ni kilo 350 za sima kwa meta kyubu moja. Ni kusema mifuko 7 ya kilo 50.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua dale moja ya kanivo yenye urefu wa meta 1, upana wa sentimeta 60 na unene wa sentimeta 12. Inaomba karibu kilo 25 za sima, ni kusema nusu ya mfuko. Kwa dale 100, inahitajika mifuko 50. Sasa mtu akiamua kutumia mfuko 1 kwa dale 5, anatumia mifuko 20 tu. Mifuko 30 imebaki. Imeenda wapi? Kwenye karatasi imeandikwa kwamba imeingia ndani ya kanivo. Kwa macho, siku ya sherehe ya kukata kamba, dale zote zinafanana: zote nyeusi-nyeusi, zote laini juu. Rushwa ya pesa inaacha karatasi. Rushwa ya sima inajificha ndani ya jiwe, na inatoka siku chukudu inapita.

Na huku mashariki tunajua juu ya nini ule mfuko unatamanisha. Viwanda vikubwa vya sima vya inchi yetu viko Kongo Central, zaidi ya kilometa 1500 mbali na sisi, na barabara yenye inatuunganisha navyo haiko. Sima nyingi yenye tunatumia inavuka mpaka kutoka Uganda na Rwanda. Inafika na bei ya usafiri, ya forodha, na ya vizuizi vya njiani. Njo maana kila mfuko wenye unaondoka kwenye shantie usiku unapata mnunuzi asubuhi.

Lakini sima siyo mlango peke yake. Kuna maji. Kwa mfuko wa kilo 50, beto nzuri inaomba karibu litre 25 za maji, bidoni moja na robo, na kidogo zaidi au chini kufuatana na mchanga kama ulikuwa tayari na unyevu. Sima yenyewe inahitaji karibu robo ya uzito wake ili ifanye kazi yake. Maji mengine ni ya kusaidia mikono ya mafundi. Wakiongeza bidoni mbili, tatu, kazi inakuwa nyepesi, beto inatiririka kama uji, kila mtu anafurahi. Kisha yale maji ya ziada yanatoka polepole, yanaacha vitundu vidogo ndani, na nguvu inashuka. Ukiona beto inamwagwa kama supu, ujue dale ile imeanza kuvunjika siku ile ile.

Kuna mchanga. Chukua kidogo, tia ndani ya chupa na maji, tikisa, acha itulie. Kama juu ya mchanga kunabaki tabaka nene la udongo, mchanga ule ni mchafu na sima haitaushika vizuri. Kuna graviye. Yetu inatoka ndani ya lava, na tunajua nani anaivunja: wamama, na mara nyingi watoto pembeni yao, na nyundo, juani. Ile nyepesi yenye matundu mengi inakunywa maji na haina nguvu kama ile nzito. Lakini tusikubali mtu atuambie kwamba mawe ya volkano hayajengi. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na paa ya duara ya Pantheon kule Roma, ya beto bila feri hata moja, iko imesimama karibu miaka 1900. Nyiragongo ilituchoma mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Lakini haikuiba sima ya mtu.

Kuna feri. Beto inavumilia sana kukandamizwa, lakini ukiivuta inapasuka haraka: nguvu yake ya kuvutwa ni karibu sehemu 1 ya 10 tu. Dale ya kanivo ikikanyagwa katikati, upande wa chini njo unavutwa. Kwa hiyo feri lazima ikae chini, lakini isiguse udongo. Iinuliwe na vijiwe vidogo ili ifunikwe na sentimeta 2 au 3 za beto. Kwenye kile kipande chenye tuliokota, feri ilikuwa inaonekana kwa nje, nyekundu kwa kutu. Feri ikioza inavimba, na ikivimba inapasua beto kutoka ndani.

Mwisho kuna siku. Watu wengi wanasema beto "inakauka". Hapana. Beto inakomaa, na ili ikomae inahitaji kubaki na maji. Lazima imwagiliwe au ifunikwe angalau siku 7, na nguvu yake inapimwa siku ya 28. Dale yenye imeachwa juani kwa siku 2 na kupitishwa chukudu siku ya 3 ni kama mtoto umemubebesha gunia. Na hapa kwetu, mji uko pembeni ya ziwa lakini raia wananunua maji kwa bidoni, ile ya kumwagilia beto inakuwa kitu cha kwanza chenye antreprenere anakata.

Hatumsemi vibaya masoni. Tulizungumza na vijana wenye wanafanya kazi kwenye mashantie. Wengi wanajua dozaji vizuri kutuzidi sisi. Lakini mtu analipwa kwa siku, na mkubwa anamuambia: "Changanya na hii yenye iko." Akikataa, kesho mwingine anachukua nafasi yake. Kumpiga au kumtukana fundi ni kukosea mlango. Mlango wa kugonga ni wa yule mwenye alitia sahihi kwamba mifuko 50 imetumika, na wa yule mwenye alipokea kazi bila kuipima.

Sheria iko. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 inasimamia masoko ya serikali. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Dozaji ya beto ya kanivo yetu siyo siri ya jeshi. Kwa hiyo tunadai:

1. Pano ya kila shantie ya serikali iandikwe, pamoja na bei na jina la antreprenere, dozaji ya beto na idadi ya mifuko ya sima yenye imepangwa.

2. Kila siku ya kumwaga beto, wakaaji wawili wa avenyu wakubaliwe kuhesabu mifuko, na hesabu yao iandikwe ndani ya daftari la shantie.

3. Beto ipimwe mbele ya watu: kwa koni ya sentimeta 30 ikiwa ingali mbichi, ili ionekane kama maji yamezidi, na kwa silinda zenye zitavunjwa kwenye maabara siku ya 28. Matokeo yabandikwe kwa shefu wa kartie.

4. Antreprenere asilipwe pesa za mwisho mbele matokeo yatoke.

5. Zile dale tatu zibadilishwe sasa, mvua kubwa ikiwa haijafika, kwa pesa ya mwenye alizifanya vibaya.

Na wewe kijana mwenye unasoma hii kwenye telefone, kuna kazi yako. Kama kuna shantie kwenye avenyu yako, pita pale kwa amani, salimia, uliza. Hesabu mifuko yenye imefunguliwa na burweti zenye zimeingia. Andika tarehe na saa. Piga picha ya beto, siyo ya sura ya mfanyakazi. Usiingie kwa nguvu, usijibu matusi. Wakikufukuza, andika pia kwamba walikufukuza. Daftari ya mwanafunzi inatosha.

Tuseme pia ukweli juu yetu sisi wenyewe. Kuna wengine kati yetu wenye wanajenga nyumba ya ghorofa na dozaji ya kibaraza, kwa kuwa pesa imeisha. Tutakuwa na haya kudai kwa gavana kitu chenye tunakataa kwa wapangaji wetu. Hesabu ya mifuko ianze nyumbani.

Tulipoanza kudai maji na barabara, walituambia ile ni mambo ya wakubwa. Leo watatuambia sima ni mambo ya mafundi. Lakini mguu wenye uliumia ulikuwa wa raia, na mtoto mwenye anaruka tundu kesho asubuhi ni wa raia. Jumamosi saa mbili asubuhi tutakuwa pale kwenye kanivo, na meta moja, daftari na bidoni ya kupimia maji. Kuja na mwenzako.

Imeandikwa Goma, Septemba 2023