Alitikisa Kichwa, Kumbe Anasikiliza Muziki

Mwezi huu nina swali, na jibu lako baki nalo moyoni. Jana usiku wewe na mwenzi wako mlikaa kochi moja, kila mtu na hedifoni zake masikioni? Kama ni ndiyo, karibu kwenye chama. Mimi ni mwanachama mstaafu.

Sisi tulianza hivi. Mume wangu ni mtu wa muziki wa dansi, mimi ni mtu wa taarabu. Mwaka jana akatamani spika ya Bluetooth ya dukani, zile zinazowaka taa za rangi, bei yake karibu sawa na kodi ya nyumba ya mwezi. Nikaja juu: "Tunadunduliza hela ya kiwanja au tunafungua disko?" Hakujibu. Kesho yake akarudi na hedifoni ndogo zisizo na waya. Na mimi, kwa kuwa sipendi kushindwa, nikatafuta za kwangu. Nyumba ikatulia tuli. Nikadhani hiyo ndiyo amani.

Sasa sikia kilichonikuta. Siku moja kazini tuliitwa kikao, tukaambiwa wafanyakazi wanapunguzwa na idara yetu imo. Nilifika nyumbani miguu haina nguvu. Nikakaa ubavuni kwa mume wangu, macho kwenye televisheni, nikasema: "Kazini wanapunguza watu. Naona na mimi nimo." Akatikisa kichwa taratibu. Mara mbili, mara tatu. Nikasubiri neno, wapi! Nikainuka, nikaenda kulala nimegeukia ukutani.

Siku tisa sikuligusa tena. Siku ya kumi akaingia ndani anahema, kasikia kwa dada yangu. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukatikisa kichwa."

Akafikiri weee, halafu akazitazama hedifoni zake pale mezani. "Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini, "nilikuwa naitikia ngoma."

Shoga yangu, nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Utaniuliza, kwani hukuona kaziba masikio? Sikuona, kwa sababu wakati naongea sikumtazama usoni. Niliogopa. Kwa hiyo lawama tugawane, nusu kwa nusu.

Jumamosi iliyofuata akaja na hoja. "Ile spika hatununui. Tunaitengeneza, wewe na mimi." Kabla ya kuingia kwenye mambo ya ofisi alisoma umeme VETA, na mikono yake ilikuwa imekaa bure miaka mingi. Tukaenda Kariakoo. Kama na wewe unataka kujaribu, mahitaji ndiyo haya: spika mbili ndogo za inchi 3, kila moja wati 3 na omu 4, kibao kimoja chenye Bluetooth na amplifaya ndani yake, kinachokubali umeme wa volti 3.7 hadi 5, betri moja ya lithiamu ya 18650, ile ya duara yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kikalio chake, kibao cha kuchaji chenye ulinzi, swichi na waya. Vipande vya plaiwudi vya milimita 12 tulivipata kwa seremala Keko. Jumla haikufika shilingi elfu 50. Nilihesabu mwenyewe, unanijua.

Pale mezani ndipo nilipogundua kuwa mume wangu anajua kueleza vitu. Akaniambia simu hutuma muziki kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, ndiyo maana ukienda mbali, kama mita 10 hivi na kuta katikati, sauti inaanza kukatika. Jina lenyewe limetoka kwa Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuwaunganisha watu wake. Lilipendekezwa wakati kampuni mbalimbali zilipotaka vifaa vyao vielewane. Nikamwambia, "Huyo mfalme angepitia na hapa kwetu." Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyosikika bila kizuizi.

Sanduku tulilifanya la sentimita 30 kwa 15 kwa 15. Usidhani ni pambo. Spika inaposukuma hewa mbele, mgongo wake unavuta hewa nyuma. Ikiwa wazi, sauti ya nyuma inazunguka na kuiua ile ya mbele, hasa besi, ukabaki na mlio mwembamba kama wa nzi ndani ya kopo. Sanduku linatenganisha mbele na nyuma. Kwa hiyo kila kona ipakwe gundi ya mbao, na matundu ya waya yazibwe kwa silikoni.

Kazi ya kulehemu akaniachia mimi. Akanielekeza: waya nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, na waya hasi za spika mbili zisiunganishwe pamoja, kila moja iende kwenye tundu lake kwenye kibao. Betri yenyewe isiguswe na pasi ya kulehemu kabisa, ikae kwenye kikalio chake. Alikuwa anaendelea kuongea, mimi niko "ndiyo, ndiyo", macho kwenye simu, kundi la familia linachangishana harusi.

Tukafunga, tukawasha. Muziki ukatoka! Nikaruka. Lakini yeye akakunja uso. "Besi iko wapi?" Kweli, waimbaji walisikika vizuri, magitaa yalisikika, ila lile gitaa zito la besi lilikuwa limepotea. Tukadhani tumeuziwa spika mbovu. Tukajaribu ya kushoto peke yake, nzima. Ya kulia peke yake, nzima. Zikipiga pamoja, besi inayeyuka.

Akafungua sanduku, akachukua betri ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, akaigusisha kwenye spika ya kwanza: chanya na waya nyekundu, hasi na waya nyeusi. Koni ikaruka kuja mbele. Akaigusisha kwenye ya pili kwa mpangilio uleule. Koni ikarudi nyuma. Nilikuwa nimepindua waya. Spika zote mbili zilikuwa nzima na zinafanya kazi kwa bidii, ila moja ilisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi inafia katikati.

"Nilikwambia uangalie alama ya chanya," akasema.

"Nilisema ndiyo," nikajibu.

"Ulitikisa kichwa."

Hapo hapakuwa na cha kujitetea. Miezi yote ile nilikuwa nimempa yeye kesi ya kutosikiliza, kumbe na mimi nina faili langu. Nikachukua pasi, nikageuza waya mbili. Dakika tano tu. Tulipowasha tena, besi ikaingia sebuleni mpaka glasi kabatini zikaitikia.

Ushauri wangu kwenu mnaotaka kujaribu wikiendi hii. Kwanza, msibanie kibao cha kuchaji. Nunueni chenye ulinzi, kinachokata chaji betri ikifika volti 4.2. Pili, betri iliyovimba au inayopata moto isichajiwe, na msilale ikiwa kwenye chaji. Tatu, jaribuni kila kitu kabla ya kupaka gundi mfuniko wa mwisho. Betri yetu ni ya mAh 2,000, na kwa sauti ya kawaida ya sebuleni inatupa kama saa nne.

Nne, na hili halimo kwenye saketi: hicho kibao chetu kinapokea simu moja tu kwa wakati. Kwa hiyo ni zamu. Leo dansi, kesho taarabu. Mwanzo nilivumilia tu zamu yake. Siku hizi kuna nyimbo za dansi nazidai mwenyewe, na juzi nimemfuma jikoni anafuatisha mipasho huku anakata vitunguu. Nikajifanya sijaona.

Barua yangu ya kazi ilikuja mwisho wa mwezi ule. Nilimo, kama nilivyohofia. Nilipofika nyumbani spika ilikuwa inapiga, ni zamu yake. Nikasimama mbele yake, nikamtazama usoni, nikasema, "Nina la kukwambia." Akanyoosha mkono, akazima. Sebule ikawa kimya, na safari hii ulikuwa kimya cha mtu anayesubiri neno lako. Tulikaa mpaka saa saba usiku na daftari la matumizi. Kiwanja kimesogezwa mbele mwaka mmoja. Hakuna aliyelala amegeukia ukutani.

Basi mpenzi msomaji, kama kwenu mnapendana, mnafanya kazi kwa bidii, hamna mgogoro wa maana, na bado besi haisikiki, usikimbilie kusema mwenzio ni mbovu. Angalia waya kwanza. Na anza na zako.

Tukutane mwezi ujao.