Riali Ziwe Mkononi Mwako, Si Mfukoni mwa Baba Watoto



Safari ya umra ikikaribia, mazungumzo yetu huwa ni yale yale: abaya ngapi, viatu gani vya kutufia, dawa za sukari tuzifunge wapi. Fedha haizungumzwi. Hiyo huachiwa baba watoto au kiongozi wa msafara. Sisi tunasema hapana. Kila mwanamke anayetoka Unguja au Pemba kwenda Makka ashuke Jeddah na riali zake mwenyewe, alizozihesabu mwenyewe, na ziwe mwilini mwake, si ndani ya begi la mtu.

Kuna wanaosema kwamba anayekwenda kwa Mola wake hahangaiki na noti. Maneno hayo si mageni. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakenda hija bila ya masurufu, wakijiita watu wa kutegemea, kisha wakifika Makka wanaomba watu. Hapo ndipo ilipoteremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, ikawaamrisha mahujaji wachukue masurufu. Kwa hiyo kujiandaa hakupingani na tawakkul. Kinachotia aibu ni kumnyooshea mkono mtu usiyemjua kwa sababu ya riali kumi za maji na mkate.

Tuseme umemaliza tawafu baada ya isha. Umati umekusukuma, umetokea mlango usiokuwa wako, simu imezima, wenzako huwaoni. Kiarabu chako ni cha kwenye sala tu. Shilingi zetu pale ni karatasi, hapana anayezitaka. Pesa za kwenye simu, ambazo hapa tunalipia mpaka mchicha, dereva wa teksi wa Makka hazijui. Kadi ya benki huenda ikakubali, huenda ikakataa, hasa kama benki yako hukuiarifu kwamba unasafiri. Ukiwa na riali hamsini na kadi ya hoteli yenye jina kwa Kiarabu, unarudi kulala. Ukiwa huna, unakaa kwenye marumaru unalia mpaka alfajiri, na mumeo naye anazunguka kukutafuta huku fedha zote zimo kiunoni mwake.

Hatusemi mume asibebe. Naabebe, tena nyingi. Lakini mali ya mwanamke ni yake, dini imelimaliza hilo zamani, na bibi zetu walilijua bila ya kusomeshwa: kila mmoja alikuwa na chake alichokifunga kwenye pindo la kanga, na hapana aliyemwambia anagombana na mume. Siku hizi kanga imekuwa kifuko kidogo cha kuvaa ndani ya abaya. Mambo ni yale yale.

Hesabu yenyewe si ngumu. Riali ya Saudia imefungwa na dola tangu 1986, dola moja kwa riali 3.75. Dola 100 basi ni riali 375. Ukifika dirisha la kubadilishia fedha ukapewa 340, unajua umekatwa, unachukua dola zako unakwenda dirisha jengine. Sisi tunapenda dada abebe riali kiasi cha 300 au 400 kwa dharura na matumizi madogo, na akiba iliyobaki iwe ya dola. Ulizia riali mapema kwenye maduka ya fedha ya mjini, usingoje siku ya safari, na omba noti za 5, 10 na 50. Noti ya 500 kwa muuza chai ni usumbufu tu.

Sasa kuna hili ambalo linatukera kweli. Katika misafara yetu imezoeleka mtu kuambiwa, "Chukua riali zangu, utanipa shilingi tukirudi Unguja." Inaonekana ni ihsani. Lakini huku ni kubadilisha fedha kwa fedha, na hadithi ya Ubada bin Swamit katika Sahihi Muslim imeshurutisha kwamba vitu vya jinsi mbalimbali kama dhahabu na fedha vibadilishwe mkono kwa mkono. Wanazuoni wa zama zetu wameziingiza noti katika hukumu hiyo. Kuchelewesha upande mmoja kunaingia kwenye riba, na umekwenda huko kufutiwa madhambi! Ukihitaji, kopa riali na uwekeane ahadi ya kulipa riali. Au mpe shilingi zake pale pale, kwa bei mliyokubaliana, kila mtu aondoke na chake. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kupanda ndege, si akiwa Mina.

Na wale mama zetu watu wazima wanaokwenda na vijana wao, wasiambiwe "wewe mama fedha za nini". Mpeni zake, mfundisheni rangi za noti nyumbani kabla ya safari, azishike, azizoee. Atataka kumpa kitu yule binti anayefagia, atataka kumnunulia mjukuu tende za ajwa kwa mkono wake. Zikibaki riali za karatasi, hapa mjini zinabadilishwa. Sarafu hazibadilishwi, kwa hiyo zimalizeni huko huko.