Asilimia 80 ya Nini?

Vijana wanaoanza kusomea usanifu wa michoro wana mtindo wa kupamba wasifu wa kuombea kazi kwa mistari minene ya rangi: Photoshop asilimia 80, Illustrator asilimia 65. Asilimia 80 ya nini? Nani aliyesahihisha? Tangu lini mtahiniwa akajipa maksi mwenyewe! Leonardo da Vinci, alipomwandikia Ludovico Sforza wa Milan kuomba kazi miaka ya 1480, alianza na madaraja mepesi awezayo kuyajenga. Uchoraji akautaja karibu na mwisho. Alijua bwana yule anahitaji nini. Wewe mwajiri wako anahitaji msanifu, na karatasi yenyewe ndiyo mtihani: aina moja ya herufi, pambizo pana, tarehe zilizonyooka. Rangi ziache kwenye mabango utakayoyaambatisha.