Kukariri si dhambi

Jamani, kwetu sisi wa Elimu neno "kukariri" limekuwa tusi. Mimi nabisha. Waangalieni Masingasinga, ambao hekalu lao la Makindu, Kenya, lipo tangu 1926. Alfajiri wanasoma Japji, jioni Rehras, kabla ya kulala Sohila. Maneno yaleyale kila siku. Ila pia hukaa kwa utulivu wakilitaja jina la Mungu, Waheguru, mpaka akili itulie. Hiyo ndiyo simrani. Kisomo bila utulivu ni ukasuku; utulivu bila kisomo hukosa cha kutafakari. Kule kwetu Ikungi, mtoto wa madrasa au wa katekisimu akishahifadhi, tusimwache hapo. Tumpe dakika 5 za kimya, ayawaze aliyoyasema. Tukienda kufundisha, tufanye hivyohivyo darasani.