Sahani za urithi zithaminiwe kabla ya kuuzwa

Katika biashara ya vyombo vya kale, anayepata hasara mara nyingi ni mrithi. Nyumba za mawe za Lamu zilipambwa kwa sahani na mabakuli ya kauri yaliyopangwa katika zidaka au kutundikwa ukutani. Mwenye nyumba anapofariki, warithi huona ni rahisi zaidi kumwuzia dalali vyombo vyote kwa mkupuo na kugawana fedha.

Hilo ni kosa. Katika fungu moja huweza kuwamo sahani ya China ya karne ya 18 pamoja na bakuli la kiwandani kutoka Maastricht, Uholanzi. Bei zake ni mbali mbali, na dalali anajua hivyo.

Hata hivyo, kuamini kwamba kila chombo cha babu ni dhahabu ni kosa vile vile. Alama ya mfalme Kangxi wa China, aliyefariki 1722, iliigwa sana na wafinyanzi wa karne ya 19, hivyo alama peke yake si ushahidi. Jina la nchi kwa Kiingereza, kama "England", kwa kawaida huonyesha chombo cha baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa ziandikwe zilikotoka. Aidha, ufa, ukingo uliomeguka na matundu ya kamba ya kutundikia huweza kushusha bei.

Bei za minada ya London nazo zisiwapumbaze warithi. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo kilichoingizwa nchini kabla ya 1895, na hakitoki nje bila kibali. Ukiondoa pia usafirishaji, bima na kamisheni ya mnada, kinachobaki ni kidogo.

Njia iliyo salama ni kuorodhesha kila chombo, kukipiga picha, na kumlipa mthamini asiye mnunuzi. Aulizwe bei ya kuuzia, si ya bima, ambayo kwa kawaida huwa juu zaidi. Bei hiyo ikijulikana, mrithi anayetaka kubaki na sahani za mama yake ataweza kuwalipa wenzake mafungu yao, na dada mwenye fungu dogo hatapunjwa tena kwa makisio ya dalali.